Figo ya Tuhfa

Mwalimu Yussuf alianza kuvimba miguu mwezi wa Shaabani, na kabla Ramadhani haijaisha akawa hawezi tena kuvaa viatu. Pale kijijini kwao Moa wengine walisema ni chumvi, wengine wakasema amekanyaga kibaya. Hospitali ya Tanga mjini ndiyo iliyosema kweli: presha aliyoidharau kwa miaka ilikuwa imezila figo zake zote mbili. Akahamia mjini kwa jamaa, maana mara tatu kwa wiki ilimbidi alale kando ya mashine, damu itoke, ichujwe, irudi mwilini. Alikuwa na miaka arobaini na minne. Mtu ambaye sauti yake darasani ilikuwa inasikika mpaka barabarani, sasa ukizungumza naye ungedhani yuko nyuma ya mlango.

Madaktari wakasema ipo njia nyingine. Akipata ndugu wa kumpa figo moja, atapona, na huyo ndugu ataishi na ile iliyobaki. Ndipo ami Hamad, mdogo wa marehemu baba yake Yussuf na dada zake, alipoitisha kikao cha nyumba.

Mama yao, Bi Mwatima, alikwisha kukataliwa kwa sababu ya umri na sukari. Wakabaki mabinti wawili, na damu zao zote mbili zilipimwa zikaoana na ya kaka yao. Wa kwanza ni Asmaa, anayemfuata Yussuf kwa kuzaliwa, aliyeolewa Wete, kule Pemba ilikotoka asili yao. Yeye ana watoto wanne, na wa mwisho alikuwa bado ananyonya. Wa pili ni Tuhfa, kitinda mimba, miaka thelathini, aliyeachika bila mtoto, anayekaa na mama yake hapo Moa na kulima mwani baharini.

Kikao hakikuwa kirefu. Tuhfa alikuwamo chumbani, anamimina chai.

"Asmaa ana watoto," alisema ami Hamad. "Mwenye watoto hakatwi. Huyu wetu hapa, alhamdulillahi, ana nguvu zake, hana anayemlilia. Na jina lake nani? Tuhfa. Tuhfa ni zawadi."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha kushusha pumzi, kwa kuwa jambo zito limekuwa jepesi. Bi Mwatima akamshika Tuhfa mkono uliokuwa na birika, akalia. "Mungu akujaze kheri, mwanangu." Tuhfa akaitikia amin. Nani anaombewa dua na mama yake akaacha kuitikia?

Jioni Yussuf alipiga simu. "Tuhfa, sijui nikwambie nini."

"Usiseme kitu, kaka."

Kati ya hao wawili palikuwa na jambo la zamani lisilotajwa. Baba yao alipofariki Tuhfa alikuwa na miaka sita, na Yussuf ndiye aliyemlea. Alimbeba mgongoni alipougua surua, alimfundisha kusoma kabla hajaanza shule, alimnunulia sare kabla ya kujinunulia shati. Na huyo huyo Yussuf, mwalimu wa watoto wa watu, ndiye aliyemtoa shule akiwa kidato cha tatu, kwa sababu ya barua moja ya mvulana iliyookotwa kwenye daftari. Baada ya miezi miwili alimuoza kwa mfanyabiashara wa Maramba aliyekuwa na mke tayari. Tuhfa alikaa huko miaka minne. Talaka ililetwa na dereva wa pikipiki, ndani ya bahasha ya kaki. Yussuf alisoma, akaikunja, akasema, "Basi, rudi nyumbani." Hakuna kingine alichosema, siku ile wala siku nyingine.

Walikwenda Dar es Salaam watatu: Yussuf, Tuhfa na ami Hamad. Kwenye hospitali kubwa ya huko Tuhfa alipimwa kila kinachopimika, damu, mkojo, moyo, mapafu. Aliingizwa kwenye mashine inayonguruma kama mtambo wa kukoboa mpunga. Kila jibu likitoka lilikuwa zuri kuliko la kabla yake. Ami Hamad alikuwa anapiga simu Moa kuwahesabia ushindi.

Siku ya tisa akaitwa peke yake. Daktari aliyekuwa akiwashughulikia watoaji figo aliitwa Anastazia, mwanamke mnene wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Ami Hamad alinyanyuka aingie naye. Daktari akamwomba abaki nje, kisha akafunga mlango.

"Tuhfa, humu hayupo kaka yako wala ami yako. Utakalosema halitoki. Vipimo vyako nimeviona, ni vizuri. Nimebakiwa na swali moja. Wewe mwenyewe, unataka kutoa figo?"

Tuhfa alifungua kinywa aseme ndiyo. Neno lilikuwa tayari, alikuja nalo toka Moa. Lakini likamkwama, kwa kuwa hapo ndipo alipogundua kwamba swali hilo hajawahi kuulizwa. Hakuulizwa alipotolewa shule, hakuulizwa alipoolewa. Kikao kizima kilizungumza juu ya figo yake naye anagawa vikombe.

"Sitaki," alisema.

Alishtuka mwenyewe, kama aliyeangusha sahani ya watu.

"Sawa," alisema daktari.

"Sawa vipi? Kaka yangu atakufa."

"Ana mashine. Wapo wanaoishi nayo miaka mingi, na wapo wasiofika mbali. Sitakudanganya. Lakini mimi simkati mtu mzima asiyetaka kukatwa, hata kama ni kwa ajili ya ndugu yake."

"Nikitoka hapo nje nikawaambia sitaki, sina kwetu tena."

"Hutawaambia wewe. Nitawaambia mimi kwamba hufai kutoa. Asiyetaka hafai. Kwetu hapa huo si uongo."

"Kwao ni uongo," alisema Tuhfa.

Daktari alivua miwani akaifuta kwa upindo wa koti lake. "Najua. Wako wenzangu wanaosema nakosea, kwamba daktari akishaanza kuficha kidogo hajui atakapoishia. Lakini nimeona mabinti wangapi wanafukuzwa nyumbani kwa neno hilo ulilolisema sasa hivi. Nimechagua ubaya mdogo. Kama unao mwingine ulio mdogo zaidi, niambie."

Tuhfa alinyanyuka akamfungulia mlango.

Ukumbini daktari alisema maneno machache. Vipimo vimekamilika, Tuhfa hafai kutoa, sababu ni siri yake na hospitali. Akaongeza kwamba mwenyewe ni mzima na ataishi maisha yake kama kawaida. Neno hilo la pili hakuna aliyelisikia. Ami Hamad alikaa kwenye benchi, akaizima simu yake. Na Yussuf, aliyekuwa na kila haki ya kujililia mwenyewe, akamlilia dada yake. Alimshika mabega kwa mikono iliyojaa makovu ya sindano.

"Usijilaumu, Tuhfa. Umesikia? Nia yako imeandikwa. Mungu hakupanga. Kumbe na wewe una lako mwilini, na hatukujua! Unywe maji. Sana, unywe maji."

Ndani ya basi la kurudi Tanga alimnunulia chupa mbili za maji na kila kituo akawa anamkumbusha. Tuhfa alikunywa.

Alijiuliza njia nzima kwa nini amekataa. Je, ni kisasi cha shule? Alijaribu kuona kama ni hivyo, maana kisasi angalau kina sababu. Lakini alipoulizwa hakuikumbuka ile barua wala Maramba. Je, ni woga wa kisu? Aliwahi kukatwa na chaza mpaka mfupa ukaonekana na akafunga kanga akaendelea na kazi. Alijua tu kwamba lile neno lilikuwa lake, na kwamba hakuwahi kuwa na kitu cha aibu namna ile.

Moa ilikuwa imekwisha kupata habari. Habari hizo hazikusema kwamba Tuhfa hakufaa kutoa. Zilisema kwamba Tuhfa ana figo mbovu kama kaka yake, ni maradhi ya ukoo. Kwenye mashamba ya mwani, bahari ilipokupwa, wenzake hawakumwachia tena kubeba kiroba. "Wacha, mwenzetu, usije ukatufia hapa majini." Alijitwisha kwa nguvu mara moja, wakamtua. Akabakia kufunga mbegu kwenye kamba pamoja na vikongwe, yeye ambaye zamani alibeba viroba viwili wakati wengine wanabeba kimoja.

Kisha likaja la Hatibu. Hatibu alikuwa wakala wa kutoa mizigo pale mpakani Horohoro, mjane wa miaka arobaini, mpole. Alikuwa amekwisha kumtumia Tuhfa salamu za heshima, na mwezi ule watu wake walitarajiwa kuleta posa. Alikuja shangazi yake peke yake, mikono mitupu. Alimwamkia Bi Mwatima, akakaa, akaisifu chai.

"Bi mkubwa, sisi tuliifurahia nyumba hii," alisema. "Ila kijana wetu ameshazika mke mmoja. Kumzikisha wa pili si uungwana."

Bi Mwatima aliinamisha kichwa. Tuhfa, aliyekuwa nyuma ya pazia, alitoka akasimama mbele ya mgeni.

"Mimi siumwi," alisema.

"Mwanangu, hospitali ndiyo iliyosema."

Hapo angeweza kusema moja la kumsafisha, na hilo moja lingemchafua zaidi. Akarudi nyuma ya pazia. Baadaye mama yake alimletea maji ya shayiri na mizizi aliyoagiza kwa Mdigo mmoja wa jirani, dawa ya kusafisha figo. Yalikuwa machungu kupita kiasi. Aliyanywa siku arobaini.

Yussuf alizidi kudhoofika. Mishipa ya mkono ilikuwa inaziba, mashine ikawa inamwacha anatetemeka. Mwezi wa Rabiulawali Asmaa alifika kwa boti kutoka Pemba, aje atoe yeye figo. Alikuwa amemwachisha ziwa mwanawe wa mwisho kwa ajili ya safari hiyo, akamwacha Wete kwa mama mkwe, na matiti yalikuwa yamejaa yanamuuma mpaka hakuweza kukumbatiwa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. U hali gani na hayo maradhi yako?"

Tuhfa alisema yu mzima. Asmaa akamtazama kwa huruma, kama wote.

Safari hii walikwenda Dar wao wawili pamoja na Yussuf, Tuhfa awe muuguzi wa wote. Walipanga chumba karibu na hospitali. Asmaa alipokuwa kwenye vipimo, Tuhfa alikwenda kumtafuta daktari Anastazia na kusema kabla hajaketi:

"Nimebadili. Nataka kutoa."

Daktari hakuonyesha kushangaa. "Dada yako asingekuja, ungerudi?"

Tuhfa aliketi.

"Faili naweza kulifungua upya. Tutatafuta la kuwaambia watu wako. Lakini lazima nikuulize kama siku ile, na unijibu kama siku ile. Unataka?"

Tuhfa alijitafuta. Alikuta hofu, akakuta haya, akakuta picha ya mtoto wa Asmaa anayelilia ziwa. Alikuta kila kitu isipokuwa ndiyo. Alifumba macho akatafuta tena.

"Basi mkatalie Asmaa," alisema Tuhfa hatimaye. "Mwambie hafai."

"Asmaa nitamuuliza kama nilivyokuuliza wewe. Kesho asubuhi. Jibu lake ni lake."

Mchana ule Tuhfa alimkuta dada yake uani, anafua. Hakuweza kustahimili. Alihisi kwamba akinyamaza mpaka kesho atakuwa ametenda kosa la pili kubwa kuliko la kwanza. Akainama kwenye beseni akashika ncha nyingine ya shuka, wakawa wanaikamua, na wakati wanaikamua akasema yote: swali, jibu, maneno ya daktari, na kwamba figo zake ni nzima. "Na kesho atakuuliza na wewe. Kama hutaki, sema. Atakuficha kama alivyonificha."

Asmaa aliacha kukamua. Maji yalichuruzika miguuni mwake.

"Kaka anajua?"

"Hapana."

"Mama?"

"Hajui mtu."

Asmaa aliichukua shuka yote, akaitundika kambani peke yake, akainyoosha pembe kwa pembe. Walipokula alisema tu wali umekosa chumvi.

Asubuhi aliingia kwa daktari na mlango ukafungwa. Hakukaa. Dakika tano, pengine sita. Alitoka na ushungi wake umetulia kichwani.

"Nimekubali," alimwambia Yussuf.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Figo ya Asmaa ilianza kufanya kazi ndani ya Yussuf pale pale mezani, madaktari walisema. Baada ya miezi mitatu alikuwa na mashavu, na baada ya sita alirudi kufundisha. Walifanya dua ya shukrani pale Moa, ikasomwa maulidi, ikapikwa pilau ya mbuzi wawili. Yussuf alisimama mbele ya watu, sauti ikiwa imerudi.

"Nina dada wawili," alisema. "Mmoja amenipa figo. Mwingine alitaka kunipa, Mungu akamzuia kwa maradhi. Mimi siwatofautishi. Aliyetoa na aliyenuia, kwangu ni mamoja."

Watu wakasema amin. Asmaa, aliyeletwa toka Wete na kuketishwa kwenye mto wa heshima, alimtazama Tuhfa, akasema amin pamoja nao.

Kidonda cha Asmaa kilipona juu, chini hakikupona. Kilifanya ngiri. Msimu wa kuchuma karafuu hakuweza kupanda mkarafuu wala kubeba pakacha, na msimu wa mpunga hakuweza kuinama. Mumewe aliongeza mke. Alisema hakufanya hivyo kwa sababu ya maradhi, na labda ni kweli. Yule mtoto wa mwisho alikuwa amekwisha kumzoea bibi yake, akimwita yeye mama.

Tuhfa alipopata habari alifunga nguo zake akavuka kwenda Wete, akamsaidie kupandikiza mpunga. Asmaa hakumkataza. Wiki nzima Tuhfa aliinama kwenye majaruba kuanzia asubuhi hadi jua linapokuwa kali, na dada yake amekaa ukingoni kwenye kivuli cha kanga. Walizungumza habari za miche na za ndege wanaokula mbegu. Siku ya mwisho, Tuhfa akiwa ananawa tope, alisema:

"Nisamehe, dada, kwa kukataa kwangu."

"Kukataa sikukulaumu," alisema Asmaa. "Siku ile uani nilisema moyoni, mtoto huyu ameonewa kutosha, acha akatae. Nakulaumu kwa kuniambia."

"Nilitaka uwe na hiari."

"Hiari gani? Mie nilitoka Pemba nimeshatoa. Nilikuwa nimekwisha kufumba macho. Nilikuwa nasema, ni mie tu niliyebaki, Mungu ndiye aliyenichagua. Ukanifumbua. Ukaniambia mtu anaweza kusema sitaki. Nikaingia mule ndani, yule mama akaniuliza, na nikaona kwamba na mie sitaki, Tuhfa. Sitaki kabisa. Lakini mlango ulikuwa mmoja, na wewe ulikwisha kupita. Wawili tukikataa ni nani atakayeamini? Kaka angekufa na sote tungejulikana. Kwa hiyo nikasema ndiyo. Uliniachia ndiyo ya uongo, na kukatwa nikakatwa nayo. Ungeninyamazia, leo hii ngiri ningeiita sadaka."

Tuhfa alisimama na maji ya tope yakimdondoka viganjani. Asmaa alijizoa ukingoni, akajishika ubavu, akaelekea nyumbani. Hakumwambia asirudi. Lakini mwaka uliofuata alituma ujumbe kwamba amepata vibarua wa kupandikiza, na mwaka wa pili hakutuma.

Hatibu alioa mwalimu wa chekechea kutoka Maramba. Bi Mwatima alifariki akiusia kwamba Tuhfa asibebeshwe vitu vizito. Na Yussuf, mzima wa afya, hakusahau maradhi ya dada yake. Kila mwaka, shule zikifungwa, yeye mwenyewe humpitia Tuhfa wakaenda Tanga mjini kupima figo. Husema wewe ulinihangaikia, sasa zamu yangu. Hukaa kwenye benchi nje, tasbihi mkononi, naye Tuhfa huingia.

Mwaka huu aliyempima alikuwa daktari kijana, mgeni. Alitazama karatasi, akamtazama yeye, akacheka.

"Mama, wewe umefuata nini hapa? Figo nzima kama hizi hata ukizitafuta kwa dawa huzipati."

Tuhfa alikunja karatasi mara nne, akaitia ndani ya sidiria, akatoka. Yussuf alinyanyuka haraka.

"Wamesemaje?"

"Wamesema hivyo hivyo."

"Hazijazidi kuharibika?"

"Hazijazidi, kaka."

"Alhamdulillahi," alisema Yussuf, na machozi yakamlengalenga kwa furaha. Alimshika mkono kumvusha barabara.